TPS Ikifutwa: Mambo ya Kufanya Kadi Yako Ingali Hai

Kila serikali ya Marekani inapotangaza kwamba TPS (ulinzi wa muda kwa raia wa nchi zenye vita au majanga) ya nchi fulani inafutwa, simu huanza kulia, na maswali ni yaleyale. Nihame jimbo? Niache kazi? Niombe asailamu, yaani hifadhi ya mkimbizi, haraka haraka? Watoto wangu ni raia, si watanikinga? Nimeandika mwongozo huu hasa kwa Wasudan Kusini na Wasomali waliokulia Kakuma, Dadaab na Eastleigh, wanaosoma Kiswahili kwa urahisi kuliko barua za USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji. Hata hivyo, hatua hizi zinamfaa yeyote mwenye TPS.

Usidhani hili ni jambo la mbali. Warwanda walipewa TPS mwaka 1994, ikafutwa Desemba 1997. Warundi walipewa mwaka 1997, ikafutwa Mei 2009. Ya Kameruni iliisha Agosti 2025. Sudan Kusini, iliyokuwa nayo tangu 2011, iliambiwa Novemba 2025 kwamba ulinzi ungekoma Januari 5, 2026, na siku chache kabla ya tarehe hiyo jaji wa Massachusetts akasimamisha ufutaji huo kwa muda. Mahakama hukununulia muda tu. Tafadhali usipange maisha ya familia yako juu ya uamuzi wa jaji mmoja unaoweza kukatiwa rufaa wiki ijayo.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo lazima ulielewe kabla ya yote. TPS ikiisha, unarudi kwenye hali uliyokuwa nayo kabla ya kuipata, au nyingine yoyote uliyoipata baadaye, kama bado ipo. Kama ulikuwa na ombi la asailamu linalosubiri, bado linasubiri. Kama uliingia kwa viza ya masomo iliyokwisha zamani, unabaki bila hadhi. Na kama jaji aliwahi kutoa amri ya kukufukuza nchini, amri hiyo haikufa. Ilikuwa imelala chini ya TPS. Kwa hiyo watu wawili wa nchi moja, wenye kadi zinazofanana, wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa. Ndiyo maana ushauri wa jirani, hata awe na nia njema kiasi gani, hauwezi kuwa wako.

VITU VYA KUKUSANYA KABLA YA KUANZA

- Namba yako ya A (A-Number), ile inayoanza na herufi A. Iko kwenye kadi ya kazi.
- Kadi zote za kazi ulizowahi kupewa, hata zilizoisha. Zenye TPS huandikwa A12 au C19.
- Pasipoti zote, mpya na kuukuu, na rekodi ya kuingia nchini iitwayo I-94.
- Barua zote za USCIS na za mahakama ya uhamiaji. Hata zile ambazo hukuzielewa. Hasa hizo.
- Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya talaka, vyako na vya watoto.
- Karatasi za Kenya: za usajili wa UNHCR, kitambulisho cha mkimbizi, taarifa ya kuzaliwa kutoka hospitali ya kambini, cheti cha KCPE au KCSE.
- Ritani za kodi za miaka yote, na hati za mshahara.
- Kama uliwahi kukamatwa na polisi, hata kesi ikafutwa: nakala iliyothibitishwa ya matokeo kutoka mahakama husika.
- Majina ya watu wawili unaowaamini, ikiwezekana raia au wenye grinkadi.

Piga picha ya kila karatasi, uhifadhi mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzifikia ukiwa haupo. Simu yako pekee haitoshi, kwa sababu ukikamatwa simu huchukuliwa.

HATUA

1. Hakikisha tarehe, kwenye chanzo chenyewe.

Usitegemee ujumbe wa WhatsApp wala video ya TikTok. Tarehe halisi huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, Federal Register, na ukurasa wa TPS wa USCIS huonyesha hali ya kila nchi. Kwa mujibu wa sheria ya 1990 iliyoanzisha TPS, ufutaji hauanzi kabla ya siku 60 tangu tangazo kuchapishwa. Andika tarehe hiyo ukutani. Kisha angalia tena kila wiki, maana amri za mahakama huweza kuibadilisha. Tarehe iliyochapishwa kwenye kadi yako ya kazi si lazima iwe ndiyo tarehe ya mwisho: wakati mwingine tangazo husogeza uhalali wa kadi mbele, wakati mwingine TPS huisha kadi ikiwa bado inaonyesha miezi kadhaa.

2. Angalia kama una kesi mahakamani.

Piga simu 1-800-898-7180, namba ya mahakama ya uhamiaji inayojibu kwa mashine, au ingia kwenye tovuti yao. Weka namba yako ya A. Utaambiwa kama kuna kesi, tarehe ya kusikilizwa, na kama jaji alishatoa amri. Ni bure. Ikisema hakuna kesi, hiyo haimaanishi kwamba hakuna jambo lolote kwenye faili lako. Inamaanisha mfumo huo hauoni kesi. Watu walioingia wakiwa watoto, wakibebwa na shangazi au mjomba, nawasihi wasiruke hatua hii. Huenda mtu mzima aliyekuwa nawe hakuhudhuria, na amri ikatolewa kwa jina lako ukiwa darasa la tatu.

3. Omba nakala ya faili lako lote.

Kwa sheria ya uhuru wa kupata taarifa, FOIA, una haki ya kuomba nakala ya faili la USCIS kupitia mtandao bila malipo. Faili la mahakama ya uhamiaji huombwa kando, kwa mahakama yenyewe. Fanya hivi leo, kabla hata ya kumpata wakili, kwa sababu majibu huchukua muda na wakili mwema atayataka. Humo utakuta kila fomu uliyowahi kujaziwa, na kila uliloambiwa umelisema.

4. Nyoosha majina na tarehe.

Hapa ndipo watu wetu wanaumia sana, na miongozo mingi haigusi kabisa. Ulisajiliwa kambini kama Mohamed, shuleni Muhammad, na Marekani wakakuandika kwa jina la babu kama jina la ukoo. Tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1, kwa sababu afisa wa usajili hakupewa tarehe na ilibidi aandike kitu. Au mama alikupunguzia miaka miwili ili uanze darasa la kwanza.

Chukua karatasi nyeupe, chora jedwali: karatasi gani, jina gani, tarehe gani, nani aliandika. Usibadilishe chochote, usifute, wala usitengeneze cheti kipya "kilichonyooka". Tofauti inayoelezwa mapema kwa hati ya kiapo ya mzazi au ndugu mkubwa ni jambo la kawaida kwa wakimbizi. Tofauti ile ile ikigunduliwa na afisa katikati ya mahojiano inageuka uongo.

Karatasi yoyote ya Kiswahili, Kisomali au Kiarabu iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, yenye maelezo ya mtafsiri yaliyosainiwa kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Si lazima awe mtafsiri wa mahakama, wala muhuri hauhitajiki. Asiwe wewe mwenyewe.

5. Muone wakili wa uhamiaji, na uende na maswali.

Anayeruhusiwa kukushauri ni wa aina mbili tu: wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambaye kwa kawaida hufanya kazi kwenye shirika lisilo la faida. Mahakama ya uhamiaji ina orodha ya watoa huduma za bure kwa kila jimbo. Karani anayejaza fomu, mwenye duka la kutuma pesa, sheikh au mchungaji: hao wanaweza kukupigia simu na kukutafsiria, hawawezi kukuamulia ombi gani upeleke.

Maswali ya kuuliza ni haya:

Je, naweza kuomba asailamu sasa? Sheria inataka uombe ndani ya mwaka mmoja tangu ulipoingia mara ya mwisho. Lakini kanuni inatambua kwamba aliyekuwa na TPS halali alikuwa na sababu ya kusubiri, mradi aombe ndani ya muda wa kuridhisha baada ya ulinzi kuisha. Hakuna idadi ya siku iliyoandikwa kwa "muda wa kuridhisha". Usiujaribu, peleka kabla TPS haijaisha ikiwa wakili anaona una kesi. Tangu sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025, ombi hili ambalo zamani lilikuwa bure lina ada, pamoja na ada ya kila mwaka likiwa linasubiri. Mweleze pia ulivyoishi Kenya, kwa hati gani na miaka mingapi, kwa sababu serikali inaweza kudai kwamba ulikuwa umeshapata makazi ya kudumu huko. Kitambulisho cha mkimbizi si makazi ya kudumu, lakini lazima ukithibitishe.

Je, nina njia ya familia? Mume au mke raia, mtoto raia aliyetimiza miaka 21. Hapa njia uliyoingilia nchini ina uzito mkubwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Juni 2021 kwamba kupewa TPS si sawa na kuingia nchini kihalali. Aliyeingia kwa viza kwa kawaida ana mlango. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa huenda hana, isipokuwa kama aliwahi kusafiri kwa kibali cha TPS na kurudi akakaguliwa. Kama uliwahi kusafiri hivyo, beba ushahidi wa safari hiyo kama dhahabu.

Je, niliwahi kudhulumiwa? Aliyepigwa na mwenzi wake, aliyekuwa mhanga wa uhalifu akasaidia polisi, aliyefanyishwa kazi kwa nguvu: kila mmoja ana aina yake ya ombi. Akina mama wengi hawalisemi hili mpaka waulizwe. Lisemeni.

Nikifunguliwa kesi, je, nina utetezi? Mtu aliyekaa miaka 10 na mwenye mzazi, mwenzi au mtoto ambaye ni raia au mwenye grinkadi anaweza kumwomba jaji afute kesi, akithibitisha kwamba ndugu huyo atapata shida isiyo ya kawaida. Ombi hili hutolewa mahakamani tu. Na hapo ndipo jibu la swali la watoto raia lilipo: mtoto mdogo hakukingi kwa kuwa raia tu.

Nikihofia nchi nyingine, nifanyeje? Mwaka 2025 Marekani ilipeleka watu Eswatini na Rwanda ambao hawakuwa raia wa nchi hizo. Mwambie wakili hofu zako zote.

Tena, raia wa Somalia na Sudan Kusini wamo kwenye orodha ya nchi zilizofungiwa viza: Somalia tangu Juni 2025, Sudan Kusini kwa tangazo la Desemba mwaka huo. Kuanzia Desemba hiyohiyo USCIS ilisimamisha uamuzi wa maombi mengi ya raia wa nchi za orodha hiyo. Muulize wakili hali ya siku hiyo mnayoonana.

6. Panga malezi ya watoto kwa maandishi.

Hatua hii watu huikwepa kwa sababu inauma. Ifanye hata kama unaamini hakuna litakalotokea. Chagua atakayewachukua watoto shuleni siku hiyo, na atakayekaa nao miezi. Wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Andika hati ya kumkabidhi mamlaka. Kila jimbo lina yake. Minnesota, kwa mfano, ina hati ya mzazi kukabidhi mamlaka yake kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Mpelekee mwalimu orodha mpya ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto.

Watoto waliozaliwa Marekani wapatie pasipoti za Marekani sasa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 16, wazazi wote wawili hutakiwa kufika, au mmoja atume fomu ya ridhaa DS-3053 iliyothibitishwa na notari. Mzazi akiwa kizuizini jambo hili huwa gumu kweli. Andika pia dawa za mtoto, mzio, daktari wake, na chakula anachokataa. Mlezi atakushukuru.

7. Kazi na pesa.

TPS ikiisha na huna msingi mwingine wa kibali, ruhusa ya kazi inaisha. Mwajiri ana wajibu wa kukagua upya kibali kilichoisha, lakini hana haki ya kukuachisha kwa uvumi wala kukuchagulia karatasi ya kumwonyesha. Mpelekee tangazo la Federal Register kama linaongeza muda wa kadi yako. Kuanzia Oktoba 30, 2025 nyongeza za moja kwa moja kwa wanaohuisha vibali ziliondolewa kwa makundi mengi, kwa hiyo usitegemee stakabadhi ya ombi peke yake.

Akaunti ya benki inabaki yako, na pesa ya pensheni kazini inabaki yako. Mpe mtu unayemwamini hati ya uwakilishi ili aweze kulipa kodi ya nyumba, kuuza gari, kutoa pesa. Namba yako ya Social Security haifutwi: endelea kuitumia kuwasilisha ritani, usikimbilie kuomba ITIN, namba ya kodi ya wasio na Social Security. Leseni ya udereva mara nyingi huisha pamoja na hadhi, ila majimbo kadhaa hutoa leseni bila kujali hadhi, Minnesota ikiwemo tangu Oktoba 2023.

8. Fanyeni mazoezi ya mlango, familia nzima.

Maafisa wa ICE, idara inayokamata na kufukuza wahamiaji, wakibisha, usifungue. Waambie wapitishe hati chini ya mlango au waionyeshe dirishani. Hati ya kuingia nyumbani ni ile iliyosainiwa na jaji wa mahakama, ina anwani yako. Fomu I-200 au I-205 husainiwa na afisa wa uhamiaji mwenyewe. Haina sahihi ya jaji. Sema: "Sitaki kujibu maswali, nataka kuongea na wakili." Usikimbie, usiseme uongo, usionyeshe karatasi bandia, usisaini usichokielewa. Wakiingia kwa nguvu usipambane nao. Sema tu kwamba huridhii, na aliye karibu arekodi. Wafundisheni watoto pia, kwa sababu mara nyingi wao ndio hukimbilia mlango.

Mtu wako wa nje awe na namba yako ya A na nchi uliyozaliwa. Kwa hizo mbili atakutafuta kwenye mfumo wa ICE wa kutafuta walio kizuizini. Aliyezaliwa Kakuma akumbuke: nchi ya kuzaliwa inaweza kuwa imeandikwa Kenya, au Sudan. Angalia kadi yako.

MAKOSA YANAYOWAANGUSHA WENGI

Kuhama bila kutoa taarifa. USCIS hupewa anwani mpya ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Mahakama ya uhamiaji hupewa yake ndani ya siku 5 kwa fomu EOIR-33. Ni ofisi mbili, moja haimwambii mwenzake. Barua ikienda nyumba ya zamani, usipofika, jaji anaweza kuamuru ufukuzwe bila kukuona.

Kununua hadithi. Yuko mtu atakayekuuzia simulizi ya mateso "iliyoshinda" kwa mwingine. Ombi la asailamu la uongo likithibitika, unafungiwa faida za uhamiaji maisha. Kisa chako mwenyewe, hata kama unakiona kidogo, ndicho kinachosimama.

Kupeleka ombi lolote ilimradi upate stakabadhi. Tangu Februari 2025, USCIS ikikataa ombi la mtu asiye na hadhi humpeleka mahakamani mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Kuondoka kwa hasira. Ukikaa bila hadhi zaidi ya siku 180 kisha ukatoka, unazuiwa kurudi miaka 3. Ukipita mwaka, miaka 10. Siku za TPS hazihesabiwi, ila zilizotangulia na zinazofuata zinahesabiwa. Mwenye amri ya kufukuzwa akitoka, ametekeleza amri hiyo mwenyewe. Kuondoka kwaweza kuwa uamuzi mzuri kwa familia fulani, na simlaumu anayeuchagua, lakini uwe umehesabiwa na wakili kwanza.

Kuweka alama kwenye kisanduku cha "mimi ni raia", iwe kwa leseni, kazi au kujiandikisha kupiga kura. Kosa hilo karibu halina dawa.

IKIKWAMA

Wakili anataka dola elfu kadhaa na huna. Lipa kwanza mashauriano ya saa moja, ukiwa na faili na jedwali la hatua ya 4. Kazi uliyokwisha kuifanya inapunguza gharama. Jiandikishe pia kwenye foleni za mashirika mawili au matatu ya bure, usisubiri moja likujibu.

Pasipoti imeisha na ubalozi haujibu. Tuma maombi kwa maandishi, hifadhi kila risiti na kila barua pepe. Ushahidi wa kujaribu una thamani mbele ya jaji. Lakini kama unaomba asailamu kwa kuiogopa serikali hiyohiyo, muulize wakili kabla ya kukanyaga ubalozini.

Simu ya mahakama imesema kuna amri ya kufukuzwa. Usiende ofisi ya ICE kuuliza, wala usisafiri kwa ndege. Tafuta wakili wiki hiyohiyo akaombe kesi ifunguliwe upya. Kama hukupata taarifa ya kikao, au ulikuwa mtoto, kuna hoja za kutumia.

Mtu wako haonekani kwenye mfumo wa ICE. Jaribu herufi tofauti za jina na nchi tofauti ya kuzaliwa. Baada ya hapo pigia ofisi ya ICE ya eneo alipokamatwa, na mwambie wakili awasilishe fomu G-28 ili wazungumze naye moja kwa moja. Jina linaweza kuchelewa kuonekana wakati wa kuhamishwa jimbo hadi jimbo, kwa hiyo endelea kutafuta asubuhi na jioni.

Karani uliyemlipa amepotea na fomu zako. Omba faili kwa FOIA ujue alichokipeleka, kisha mshtaki kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Wakili anaweza kutumia malalamiko hayo kueleza kwa nini fomu zilikuwa na makosa.